Fundo la Ndanda

Salfa ya mikorosho ilikuwa Masasi, mimi nilikuwa Nanganga, na pikipiki ilikuwa na mafuta ya kwenda na kurudi. Mama watoto aliniaga kwa neno moja: "Usikawie." Kijana wetu, aliyekuwa likizo ya chuo, akanitumbukizia simu yake mfukoni mwa shati. "Baba, we endesha kama kawaida. Inaandika njia."

Usiku ndipo akanifafanulia. Wajapani walishaigeuza safari ya kweli kuwa mchezo: katika Gran Turismo 6, mchezo wa PlayStation 3 uliotoka mwaka 2013, mwenye Toyota 86 iliyofungwa kinasa aliweza kuitia safari yake kwenye flashi, mwendo, usukani na breki, kisha akaitazama upya ndani ya mchezo. Sisi Toyota 86 hatuna. Tuna pikipiki ya mkopo, kompyuta iliyong'oka herufi N, na kijana aliyejiundia kijimchezo chake.

Barabara yetu ikatokea kwenye kioo. Niliitambua kwa kona zake, ila ilikuwa laini kama kanga iliyopigwa pasi. Matuta yote yamekwenda! Simu hupiga nukta moja kila sekunde. Ukiwa kilomita 60 kwa saa, kutoka nukta hadi nukta ni kama mita 17, na tuta zima hupotelea humo. Mimi kwa mazoea nikawa nashika breki kila penye tuta ninalolijua. Kitinda mimba wetu, wa darasa la nne, akanipita anacheka.

Tukafika Ndanda. Hapo njia ikajifunga fundo, kama uzi wa cherehani ulionasa chini ya sindano. Gari kivuli, lile linalorudia safari yangu, likawa linahangaika palepale kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Hapa pana nini?" akauliza mama watoto, anapeta mbaazi.

"Kosa la mtambo," nikawahi.

Msomi wangu hakunistahi. Setilaiti zinazoijulisha simu mahali ilipo, akasema, ziko kilomita kama 20,000 juu. Simu ikikaa chini ya mwembe, mawimbi huzuiwa na majani au hugonga kuta kwanza, na nukta zikatangatanga. "Lakini kukaa ulikaa, Baba. Dakika hamsini na mbili."

Nami nilikuwa nimeshasema foleni ya salfa ilikuwa ndefu. Chini ya mwembe ule huchezwa bao. Nyumba yangu ilikuwa na kete kumi na moja, na mtu mwenye akili zake haiachi nyumba ya namna hiyo akafuata salfa.

Mama watoto akaweka ungo chini, akafuta mikono, akavuta kompyuta. Akaendesha polepole mpaka kwenye fundo, akasimamisha gari lake ubavuni mwa kivuli changu.

"Nakusubiri," akasema, akarudi kwenye mbaazi. "Ukimaliza bao lako utaniita."

Dakika ya thelathini na moja betri ikaanza kulia. Nikashusha pumzi.

"Mwanangu," akasema bila kuinua macho, "kalete chaja."