Nyanya na Kidonge

Kitabu cha uchumi kinafundisha kwamba bei ikipanda, mnunuzi hupunguza. Sawa. Nyanya zikiwa ghali, mchuzi hutiwa ukwaju. Mgonjwa naye apunguze nini, homa?

Kenneth Arrow, mchumi Mmarekani, alishaonya mwaka 1963: mgonjwa hajui anachonunua, na anayemwambia anunue nini ni muuzaji yuleyule. Alisomwa, akasifiwa, akapewa Nobeli 1972 kwa kazi nyingine.

Mwaka 2015 kampuni ya Turing, chini ya Martin Shkreli, ilinunua haki za kuuza Daraprim nchini Marekani, dawa ya toksoplasmosisi iliyoidhinishwa 1953. Kidonge kililala dola 13.50, kikaamka dola 750. Hakikuongezwa hata punje ya sukari! Hataza ilikuwa imekwisha zamani, kwa hiyo mshindani angejitokeza mara moja kushusha bei, kama kitabu kinavyoahidi. Alijitokeza, naam: nakala ya kwanza ya kidonge hicho iliidhinishwa Marekani mwaka 2020.

Shkreli alihukumiwa kifungo cha miaka saba 2018, kwa kuwahadaa watu. Wawekezaji, lakini, si wagonjwa.