Nikihema Tu, Kesi

Jamani, mtaa huu huwezi hata kuhema ukaachwa. Wenzangu wakihema wanapewa maji. Mimi nikihema naitiwa kikao.

Juzi umeme umekatika, lifti imelala, na mimi nakaa ghorofa ya nne. Mkono huu unga, mkono huu trei ya mayai. Nafika ghorofa ya pili, simu. Mama watoto, yuko kwao msibani. Napokea kwa bega.

"Mbona unahema?"

"Nipo kwenye ngazi, mama."

"Ngazi gani? Unahema na nani?"

Sasa hapo unajibu nini? Kila nikijitetea pumzi inakata, kila pumzi ikikata kesi inakolea. Mara dada wa juu anashuka, ananipita, kwa sauti tamu kabisa: "Pole, kaka!" Nikajua nimekwisha. Mayai nayo yakaenda.

Kijiweni ndiyo usiguse. Mzee mmoja pale ananisahihisha mbele za watu: eti kuhema wanahema binadamu, mimi natweta. Kutweta ni kwa mbwa aliyetoka kuwinda. Na mimi sijawinda chochote!

Nikaenda zahanati. Nesi akatazama saa, akanitazama kifua. Akasema mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mimi alihesabu weee, akaacha. Eti kinachonihemesha hasa ni kabonidayoksaidi, ikijaa kwenye damu ubongo unaamuru isukumwe nje. Mie hiyo sijanunua, sijui imeingiaje. Nikashusha pumzi. Akasema hata hiyo ina kazi yake, inafungua vifuko vya mapafu vilivyosinyaa. Yaani hata kusikitika kwangu ni matengenezo.

Kilichonimaliza ni mama mkwe, mtu wa Kanda ya Ziwa, alipokuja kutusalimia. Nimempa shikamoo, ameitikia, ananiuliza kwa upole: "Baba, leo umehemea?"

Nikaona huyu ndiye anayenijali. Nikamjibu kifua mbele: "Hapana mama, leo sijahema kabisa, niko vizuri!"

Kimya. Mke wangu anatazama sakafu. Kumbe kwao kuhemea ni kwenda kutafuta chakula cha nyumbani. Mkwe kasafiri usiku kucha, kakuta mwanamume anajisifu kwamba hajaleta kitu. Tulikunywa uji. Wa chumvi.

Basi ndugu zangu, mwenye nyumba akipita kijiweni kuulizia kodi, msinitaje. Akikazana, mwambieni bado nahemea.