Waraka kwa Muuza Seva za Bei Poa

Ndugu Muuzaji,

Tangazo lako limenifikia hapa Dar es Salaam: seva pepe ya hifadhi, terabaiti 2, dola 36 kwa mwaka mzima, bei haitapanda kamwe, ofa ni ya siku tatu na zimebaki chache. Nakumbuka ofa hii ya siku tatu ilikuwapo pia Novemba iliyopita, na wakati huo nao zilikuwa zimebaki chache. Hongera kwa stoo isiyoisha.

Nakuandikia hadharani kwa sababu wanaolitazama tangazo lako si mimi peke yangu. Wapo wahasibu wa SACCOS, wapo wenye zahanati, zipo shule, zipo studio ndogo kama yetu, wote wamechoka kununua diski za nje pale Kariakoo ambazo hufa bila kuaga. Sisi tunapiga picha na video za harusi. Ukijumlisha kicheni pati, sendofu, ndoa yenyewe na ukumbi, familia moja inatujazia gigabaiti kwa mamia, halafu inarudi baada ya miaka kuulizia picha ya shangazi ambayo siku ile iliikataa. Kwa hiyo dola 36 zimenivutia, sikufichi.

Nilichukua kikokotoo. Bei yako ni dola moja na nusu kwa terabaiti kwa mwezi. Backblaze, ambao kazi yao ni hifadhi na hawana sifa ya ughali, walipandisha bei yao kutoka dola 5 hadi 6 mwezi Oktoba 2023. Kwa dola 6 hizo, terabaiti zangu mbili kwao ni dola 144 kwa mwaka. Wewe unauza kwa robo ya bei hiyo, na juu yake unanipa kompyuta kamili: Linux, prosesa, memori, na anwani ya IP ya peke yangu.

Hapo kwenye anwani ndipo nilipovaa miwani. Tangu 1 Februari 2024 Amazon inatoza nusu senti ya dola kwa saa kwa kila anwani ya umma ya IPv4. Zidisha kwa saa za mwaka, utapata dola 43 na senti 80. Kwa Amazon, anwani tupu, bila seva wala diski, inakodishwa kwa pesa nyingi kuliko bidhaa yako yote. Najua Amazon haijawahi kuonea haya faida, na huenda wewe ulizipata anwani zako zamani, zilipokuwa hazigombaniwi. Hata hivyo ningekuwa mjinga nisipouliza nani analipia tofauti.

Tuseme mashine yako ina diski 12 za terabaiti 16 kila moja, zimeunganishwa kwa mpangilio wa ulinzi wa RAID 6. Nafasi ya diski mbili inaliwa na ulinzi, zinabaki terabaiti 160. Ni wateja 80 kama mimi, wakikulipa jumla ya dola 2,880 kwa mwaka. Humo utoe bei ya diski zenyewe, umeme, nafasi kwenye kabati la kituo cha data, intaneti, makato ya PayPal, na mshahara wa mtu atakayeamka saa tisa usiku mashine ikizima. Hazitoshi, Ndugu Muuzaji, na wewe unajua kuliko mimi kwamba hazitoshi. Kwa hiyo ama diski ni za mtumba, ama huyo mtu wa saa tisa usiku hayupo, ama umeuza nafasi kuliko uliyonayo, kama mwenye ukumbi anayepokea amana za harusi tatu kwa Jumamosi moja akiamini mbili zitaahirishwa.

Sisemi ni dhambi. Wengi wanaonunua terabaiti 2 hujaza sehemu ndogo tu, na hesabu yako inasimama juu ya uvivu wao. Ni biashara halali, karibu kila muuzaji wa seva pepe za bei hii huifanya kwa kiasi fulani. Ombi langu ni dogo: ningependa kujua mimi ni harusi ya ngapi.

Umeandika kwa herufi kubwa kwamba data yangu itakuwa salama kwa sababu ya RAID. Hapa nitakuwa mpole, kwa kuwa kosa hili umelirithi kutoka kwa wengi. RAID 6 inavumilia diski mbili kufa kwa pamoja, na hilo ni jema. Kwa takwimu ambazo Backblaze huzitoa hadharani, katika miaka ya karibuni kati ya asilimia 1 na 2 ya diski zao hufa kwa mwaka, kwa hiyo ulinzi huo unatosha. Lakini faili nikilifuta kwa makosa, RAID italifuta kwa uaminifu kwenye diski zote. Mwizi akiingia, itamhudumia mwizi. Na nyumba ikiungua, itaungua nayo.

Nyumba huungua kweli. Usiku wa kuamkia 10 Machi 2021 moto ulizuka katika kituo cha data cha OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa. Jengo la SBG2 liliteketea lote, na sehemu ya jengo la jirani, SBG1, ikaungua. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Mwanzilishi wa kampuni, Octave Klaba, aliandika kwenye Twitter usiku uleule akiwashauri wateja waanze kutekeleza mipango yao ya kukabiliana na maafa. Ushauri mzuri sana, ila wateja wengi ndio kwanza walikuwa wanapata habari kwamba walipaswa kuwa na mpango. Waendeshaji wa mchezo wa Rust walipoteza kabisa data za seva 25 za Ulaya.

Kisa ninachokirudia mara kwa mara, hata hivyo, ni cha kampuni moja ya Kifaransa, Bati Courtage. Hawa hawakuzembea. Walikuwa wamelipia bekapu, na mkataba ulieleza kwamba nakala zao zingetengwa na seva yenyewe. Kumbe zilikuwa katika jengo lilelile, zikaungua pamoja na seva ambayo zilipaswa kuiokoa. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliiamuru OVHcloud iwalipe fidia ya zaidi ya euro 100,000.

Sasa niambie, mimi ningekushtaki wapi? Tangazo lako lina nembo ya simba anayependeza na anwani ya barua pepe ya msaada, lakini sijaona jina la kampuni iliyosajiliwa. Kuhusu mahali seva ilipo umeandika “Ulaya”. Ulaya ni kubwa, ndugu yangu. Na kama ilivyo kawaida ya wauzaji wa ngazi yako, huenda mashine si zako, umezikodi kwa mkubwa ukazikata vipande. Siku ukichelewa kumlipa huyo mkubwa, atazima bila kujua kwamba ndani mna sendofu ya mtu.

Usidhani nakuonea kwa udogo wako. Mei 2024 huko Australia mfuko wa pensheni wa UniSuper ulijikuta hauna mifumo yake, kwa sababu mazingira yake katika huduma ya klaudi ya Google yalifutwa kutokana na kosa la usanidi lililofanyika upande wa Google. Mfuko huo ulikuwa na nakala nyingine kwa mtoa huduma tofauti, na nakala hizo zilisaidia kuurudisha. Kwa maana hiyo bei kubwa nayo hainunui usingizi. Nani anajua, pengine siku moja nitawasema wakubwa kwa waraka wao. Leo zamu ni yako.

Nimesoma vigezo na masharti yako, kazi ambayo nashuku hata wewe hujaifanya karibuni, maana kifungu kimoja bado kina jina la muuzaji mwingine. Nimeona data ikipotea nitafidiwa kwa kuongezewa muda wa huduma. Yaani nikipoteza kazi ya miaka, utanizawadia miezi ya kukaa zaidi palepale ilipopotelea. Nimeona pia ankara isipolipwa ndani ya siku tatu seva inafutwa. Sisi wa huku wengi tunalipa kwa kadi pepe ya Visa ya kwenye simu, ambayo ina muda wake wa kuisha na inahitaji kujazwa salio. Makato yakigonga siku ambayo kadi imekwisha muda, na barua yako ya onyo ikaingia kwenye taka za barua pepe, siku tatu zinapita mtu akiwa msibani Songea. Ningekuwa wewe ningeweka siku thelathini. Hazigharimu kitu, diski ileile umeshaiuza kwa wengine.

Tuje kwenye kurudisha, kwa kuwa bekapu hununuliwa kwa siku ya kurudisha. Umejisifia mlango wa gigabiti 1 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo terabaiti 2 zinatoka kwa saa nne na nusu hivi. Studio yetu ina laini ya megabiti 20, na kwa hiyo kazi hiyohiyo inachukua zaidi ya siku tisa, usiku na mchana, umeme usikatike. Hilo si kosa lako, ni letu. Lakini masharti yako yanasema mteja anayesoma diski “kupita kiasi” atapunguzwa kasi, na kiasi hakikutajwa. Mtu aliyepoteza kila kitu ndiye atakayesoma diski kupita kiasi. Hatafanya hivyo siku nyingine yoyote.

Halafu kuna bahari katikati. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ya Tanzania ikadorora kwa siku kadhaa. Seva huko Ulaya zilikuwa nzima kabisa, zinawaka taa, na hazikutufaa kitu. Ndiyo maana nakala mojawapo lazima ikae hapa hapa, kwenye diski ninayoweza kuishika kwa mkono, hata kama ni ya Kariakoo.

Kwa haki nikiri kwamba washindani wako nao wana ujanja wao. Amazon wana ghala la data zinazolala, Deep Archive, kwa takriban dola moja kwa terabaiti kwa mwezi kwa bei za Marekani. Ni rahisi kuliko kwako: dola 24 kwa mwaka kwa mzigo wangu. Ila kuutoa mzigo huo kuupeleka nje ya Amazon ni senti 9 kwa gigabaiti, kwa hiyo siku ya msiba unatoa dola 180 hivi, pamoja na kusubiri muda unaoweza kufika saa kumi na mbili au zaidi kabla faili halijaamshwa. Kwako kuingia na kutoka ni bure. Katika hilo nakuvulia kofia, na kama ungelitangaza hilo kwa herufi kubwa badala ya RAID, ungeuza zaidi.

Kuhusu siri, usinielewe vibaya, lakini mwenye mashine anaweza kufungua diski ya kila mpangaji. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na inagusa pia usafirishaji wa taarifa za watu nje ya nchi. Zahanati itakayopakia mafaili ya wagonjwa wazi wazi kwako, kwa kuwa ni bei poa, inajitafutia balaa. Mimi natumia restic, programu ya bure inayosimba kila kitu hapa kabla hakijaondoka. Utakachopokea ni fujo tupu. Nywila ninayo mimi, na nakala yake imeandikwa kwenye karatasi ndani ya kabati la chuma, kwa sababu ikipotea hata mimi nitaona fujo tupu.

Jambo moja zaidi, na hili linamhusu kila atakayekununulia. Agosti 2023 kampuni ya Denmark, CloudNordic, ilivamiwa na wadukuzi waliofunga seva zote pamoja na bekapu zake. Kampuni ikasema haiwezi na haitaki kulipa pesa zilizodaiwa na wadukuzi hao, na wateja wengi wakapoteza kila kitu. Bekapu zilifikika kutoka kulekule zilikokuwa seva. Kwa hiyo kompyuta ya studio yangu itaruhusiwa kuongeza nakala kwako, isiruhusiwe kufuta. Kufuta nitafanya kwa ufunguo mwingine, kwenye mashine nyingine.

Hukumu yangu basi ni hii. Mpiga picha mwenzetu wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeeneza kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, moja ikae mbali. Ya kwanza iko kwenye mashine ya kazi, ya pili iko kwenye diski kabatini. Wewe nakupa ya tatu, ile ya mbali. Nitakununua nikiwa nimeshajiandaa kuamka siku moja nikute simba wako hayupo. Ukitoweka, nitapoteza dola 36 na wiki mbili za kupakia upya kwa mwingine. Kwa nafasi hiyo bei yako ni nzuri mno, na mwenye studio asiyeichukua anajinyima.

Kabla sijalipa, nijibu haya: seva iko mji gani na kituo gani cha data, mashine ni zako au za kukodi, na “kupita kiasi” ni kiasi gani. Ukijibu, nitalipa mwaka mzima kwa mkupuo. Usipojibu, nitalipa mwezi mmoja mmoja kwa bei yako ya mwezi ya dola 5, na kila baada ya miezi mitatu nitaivuta data yangu yote, kasi ipungue isipungue, nihakikishe ungalipo.

Wako mtiifu,
Mteja wa nakala ya tatu