Sifa za Ufa wa Dirisha

Wako wasifuo mvua, na wako wasifuo asali ya Ipole. Ama mimi, niliyehamia nyumba mpya mwezi wa Agosti na tangu Novemba nikawa mtumwa wa tambara la kufutia maji, nimeazimia kuusifu ufa, mwembamba kama ukindu, uliokaa baina ya fremu ya dirisha langu na lipu ya ukuta.

Fadhila yake kuu ni ukweli. Fundi aliapa kwamba mninga wa fremu umekauka. Ufa, pasipo kiapo, ukadhihirisha kwamba ulikuwa mbichi, maana mti mbichi husinyaa baada ya kupigiliwa na kuiacha saruji peke yake. Fundi alisema kizingiti kimeinamia nje. Ufa ukayaongoza maji mpaka chini ya kitanda changu, hoja ikaisha. Ndio mkaguzi pekee niliyemjua asiyeomba nauli wala soda: hupita inchi kwa inchi, usiku wa manane, hata siku ya Idi, kisha huandika taarifa yake ukutani kwa wino wa kahawia na kuipiga muhuri wa kuvu. Lau vyeo vingetolewa kwa insafu, ungekuwa leo mkaguzi mkuu wa Unyamwezi yote, nao ungeendelea kulala dirishani kwangu bila makuu.

Hupoza chumba pia, na hulisha mchwa.

Niliwahi kuuhini. Niliuziba kwa nta ya nyuki, ambayo huku si adimu, ikalainika kwa jua la siku mbili. Nikatia silikoni juu ya ukuta wenye unyevu, ikabanduka kama ganda la kidonda. Wenye matembe ya kale, kama lile la Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872, walijikinga kwa kuta nene za udongo, wakaikosa elimu hii.

Lakini ufa umekosa nini? Yule bwana aliyekuja na mkoba, akagonga ukuta mara mbili kwa kalamu na kutia saini hati ya ukamilifu, alikuja Agosti, ilhali tone la mvua halijaanguka tangu Mei! Kiangazi nyumba gani huvuja? Ndoo moja ya maji ya kisima, ikirushwa dirishani kwa nje, ingetosha. Ndoo moja! Hakuiomba, wala mimi sikuileta; na jioni ile ile nilimlipa fundi sehemu ya mwisho ya ujira wake.