Nimefuga Bastola

Kwetu Muheza baba alikuwa na jembe. Akimaliza kulima alilikung'uta udongo, akalisimamisha nyuma ya mlango, basi. Sikumbuki hata siku moja jembe lile kudai betri. Mimi mwanawe, niliyekuja Houston kutafuta maisha, nimejitafutia bastola ya mashindano, na kila Jumapili nimeiinamia nikiichokonoa kama daktari wa meno.

Kosa ni langu. Bastola ilipokuwa bastola tu, usafi ulikuwa kazi ya kikombe kimoja cha chai. Wenzangu wa kiwanjani wakanijaza maneno: funga kilengeo cha nukta nyekundu, uachane na kulinganisha vyuma viwili kwa macho hayo ya miaka hamsini. Funga na kompenseta mdomoni, matundu yake yatarusha gesi juu na mtutu hautaruka ovyo. Yote mawili ni kweli. Ila hakuna aliyenidokeza kwamba gesi ile ikirushwa juu, masizi yake yanatua kwenye kioo cha kilengeo. Yaani nimenunua dirisha, kisha nikanunua na wa kulipaka masizi.

Risasi mia mbili zikishapita, nukta yangu inaonekana kama taa ya bodaboda kwenye vumbi. Basi tunaanza. Natoa magazini, navuta slaidi, naangalia chemba, naipapasa kwa kidole, naangalia tena. Risasi zote zinabaki chumba kingine. Hapo sina mzaha.

Kioo nacho kina maringo ya bibi harusi. Hakitaki tambara la jikoni, litakikwaruza. Kinataka kupulizwa vumbi kwanza, halafu kitambaa laini na dawa ya lenzi. Dawa ya kuoshea mtutu isikikaribie, itaharibu utando wake. Na ukipuliza mafuta bila adabu yakafika kwenye kile kitaa kinachotoa nukta, utalenga shabaha moja kwa kundi zima la nyota.

Tuje kwa kompenseta. Yangu imekazwa kwenye nyuzi za mtutu, na isipofunguliwa, mtutu hautoki ndani ya slaidi. Masizi yake si ya sufuria. Ni kaboni iliyookwa pamoja na risasi, na hapa wahenga wetu sijui waliona nini, maana madini yenye sumu na kile kinachofyatuliwa walivipa jina moja. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kushika hata manati, alinipigia simu kunishauri niiloweke kwenye siki na peroksidi. Usithubutu. Mchanganyiko huo hugeuza risasi kuwa chumvi ya sumu inayoyeyuka majini. Mimi nakwangua kwa kijiti cha shaba, glavu mkononi, kisha nanawa kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chakula.

Zamani nilikuwa nakwangulia jikoni. Mke wangu aliponikuta na kompenseta kwenye sinki la vyombo, hakugomba. Alisema tu, "Mume wangu, chagua pa kula." Nikahamia gereji.

Bado skrubu. Kilengeo kimeshikwa na skrubu mbili zinazotoshana na punje za mtama, na kila mshindo unazilegeza. Zinataka tone la gundi ya skrubu, kukazwa kwa bisibisi yenye kipimo hadi kiasi alichoandika mtengenezaji, si kwa hasira, na mstari wa rangi juu ya kichwa cha skrubu ili ikijizungusha uione. Rangi niliazima ya kucha kwa binti yangu. Alichagua yeye: zambarau.

Jumamosi iliyopita nikaenda kushindana na bastola inayong'aa kuliko viatu vya Idi. Kipima-saa kikalia, nikachomoa, nikatazama kiooni. Safi kama maji ya chemchemi. Nukta hakuna. Betri ni ile CR2032, duara kama sarafu, na sikuwahi kuibadilisha tangu ninunue. Vilengeo vya chuma nilishaving'oa ili bastola ipendeze.

Nikamaliza wa 31 kati ya washindani 33. Wale wawili nyuma yangu walikuwa wametolewa kwa kuvunja kanuni za usalama.