Mtungi Unatoka Jasho

Nyuma ya kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), Tunguu, yuko mwenye nyumba anayesubiri magharibi kwa hofu. Ndio wakati wapangaji wanaoga. Maji yanatoka moto vizuri, mtu anajipaka sabuni mpaka kichwani, mara hita inasema "puu" na maji yanageuka ya kisimani. Ukelele unatoka bafuni: "Baba, gesi imeisha!" Haijaisha.

Hita ya umeme hataki kuisikia. Anaikumbuka Unguja ya Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika na kisiwa kikakaa kiza miezi mitatu.

Washauri hawakukosekana. Jirani wa kwanza: "Utingishe huo mtungi, bwana, gesi imeganda." Wa pili akataka ulazwe ubavu, na huo ni ushauri wa kumpeleka mtu hospitali: gesi ya mtungini ni kimiminika, na ukiulaza kinaweza kuingia kwenye regyuleta, moto ukaruka usikotakiwa. Wa tatu alikuja na kibiriti, atafute panapovuja. Huyo alitolewa uani kabla hajawasha njiti. Likapakwa povu la sabuni kwenye mpira na maungio, hakuna kilichovuja.

Fundi wa mjini alifika kila mara saa nne asubuhi. Hita ikawaka kwa adabu ya mkwe mpya. Akanywa chai, akapewa nauli, akaenda zake. Jioni, puu.

Kumbe saa yenyewe ya fundi ndiyo iliyoficha ugonjwa. Kimiminika hicho lazima kichemke ndipo kitoke kama hewa, na joto la kuchemkia kinalichukua kwenye chuma cha mtungi na hewa iliyouzunguka. Hita ndogo ya lita 6 kwa dakika, yenye kilowati 12 hivi, inakula karibu kilo 1 ya gesi kwa saa. Jiko la pleti moja halifiki hata theluthi ya hapo. Mtungi wa kilo 15 uliobaki robo hauiwezi kasi hiyo. Wapangaji wakifuatana kuoga, unapoa, presha inashuka, moto unakufa. Usiku kucha joto la Unguja linaurudishia nguvu, na asubuhi uko tayari kumdanganya fundi. Aliyeugusa jioni angekuta jasho baridi ubavuni, likiishia pale pale gesi ilipoishia.

Juu ya hayo, regyuleta ilikuwa ya jiko, tena ikigawana na jikoni. Pilau ikiinjikwa, anayeoga ndiye aliyelipa.

Sasa hita, ambayo kwa bahati ilifungwa ukuta wa nje (bafuni kusiko na dirisha, moto uliokosa hewa hutoa sumu isiyonuka), ina mtungi wake wa kilo 38 na regyuleta yenye kilo kwa saa zinazoitosha. Mtungi wa zamani umebaki jikoni. Mama mwenye nyumba ametoa sharti moja tu: fundi asiuguse.