Dawa Tu, Mwalimu

Nyanya za gulioni kwetu Isingiro zina poda. Sisemi vumbi la barabara. Vumbi la Kyerwa nalijua, ni jekundu na huwa haliombi ruhusa, linakaa hadi kwenye meno. Hii ni poda nyeupe yenye ubuluu kwa mbali, imejikusanya pale kwenye kikonyo kama pauda shingoni mwa bibi harusi aliyevaa kwa haraka. Jumamosi iliyopita niliokota nyanya moja nikaisogeza kwenye miwani. Mama muuzaji akaniona. Akaichukua mkononi mwangu, akaifuta kwa pindo la kitenge, akairudisha juu kabisa ya fungu.

"Dawa tu hiyo, Mwalimu. Haina shida."

Dawa tu! Nina presha mwaka wa tisa huu. Kila asubuhi nameza kidonge kimoja, na kwa ajili ya kidonge hicho nimehojiwa kuliko mshukiwa wa wizi wa ng'ombe. Nesi aliniuliza nakula nini, nalala saa ngapi, baba yangu alikufa na nini. Akaniandikia saa ya kumeza na tarehe ya kurudi. Nikienda leo nikamwambia nimeongeza viwili kwa sababu presha za siku hizi ni kali, atamwita mlinzi. Lakini hii dawa nyingine naila mchana kwenye kachumbari na usiku kwenye mchuzi wa ndizi, na hakuna aliyewahi kuniuliza hata kama nimekunywa maji.

Kosa ni la lugha, nami nimeifundisha miaka mingi, kwa hiyo lawama nyingine zinanihusu. Wataalamu wanaiita kiuatilifu. Neno zuri, lina silabi za kutosha. Sijawahi kulisikia gulioni. Mkulima hapigi kiuatilifu, anapiga dawa, na ukishamwambia Mswahili kwamba kitu ni dawa, umemwambia kinaponya. Nani anaogopa kuongezewa dawa?

Serikali yenyewe ilikuwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa. Mwaka 2019 wakatenganisha. Usalama wa chakula ukaenda kwa shirika la viwango, TBS, dawa za hospitali zikabaki na mamlaka iliyobadilishwa jina kuwa TMDA. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya afya ya mimea iliyozaa mamlaka nyingine, TPHPA, yenye makao makuu Ngaramtoni, Arusha, ndiyo inayosajili hizi dawa za shambani. Kwa makaratasi, chakula na dawa wameachana kabisa, kila mmoja ana ofisi yake na mhuri wake. Kwenye nyanya yangu bado wanaishi nyumba moja.

Niliamua kwenda kuona ndoa yao inavyofungwa. Mpwa wangu analima nyanya bondeni, mwendo wa dakika 40 kwa miguu, au dakika 10 na maumivu ya mgongo kwa bodaboda. Nilimkuta Alhamisi alasiri, amevaa jezi ya Yanga, kaptura na kandambili. Bomba la mgongoni, la lita 15, lilikuwa chini likisubiri mchanganyiko. Alikuwa na vichupa vitatu na pakiti moja. Kimoja cha ukungu, kimoja cha kantangaze, kimoja hakikumbuki ni cha nini ila "kinafanya kazi," na pakiti ni ya busta, ya kunawirisha.

Nikaomba chupa ya kantangaze nisome lebo. Maandishi madogo kama yameandikwa na mdudu mwenyewe. Inasema mililita 20 kwa bomba la lita 15. Mpwa wangu akamimina kizibo, akamimina cha pili, akanitazama, akamimina cha tatu.

"Imeandikwa 20," nikasema.

"Mjomba, hiyo 20 ni ya wadudu wa zamani. Hawa wa sasa wamesoma."

Hapo hana uongo sana, inaniuma kukiri. Kantangaze ni nondo aliyetoka Amerika Kusini. Mwaka 2006 alitua Hispania, mwaka 2014 akagunduliwa hapa Tanzania, na wakulima wakampa jina hilo kwa maana ya nenda kanitangaze. Kiwavi wake anaishi ndani ya jani, katikati ya ngozi mbili, amejifunika kama mtu aliyekodi chumba. Dawa inayopita juu inamsalimia tu. Na kadiri unavyompiga dawa ileile, wanaokufa ni wale dhaifu, wanaobaki ndio wanaozaa. Kwa hiyo mpwa wangu anaongeza kizibo, mdudu naye anaongeza darasa, na ada nalipa mimi.

Kwenye lebo palikuwa na fuvu la kichwa na mifupa miwili. Nikamwuliza maana yake.

"Inaua."

"Inaua nani?"

Akalitazama lile fuvu kwa makini, nadhani kwa mara ya kwanza. "Si mdudu?"

Mdudu mwenye meno 32! Nikaacha. Nikasoma mstari wa mwisho kwa sauti, kama nilivyokuwa nikisoma imla: usivune mpaka zipite siku 7 baada ya kupiga. Leo Alhamisi, gulio ni Jumamosi. Siku mbili. Nikamwonyesha kwa vidole. Naye akanionyesha nyanya zilizoanza kuwiva, akanieleza kwamba nyanya haisomi kalenda, ikiwiva imewiva, na akisubiri siku 7 atauza rojo. Tenga likishindwa kwenda Jumamosi hii, Jumamosi ijayo bei imeanguka, na ile hela ya vichupa vitatu alikopa. Sikuwa na jibu. Nilikaa juu ya jiwe, upande upepo unakotoka, nikamwangalia akipiga dawa huku amefumba mdomo. Hicho ndicho kifaa chake cha kujikinga. Akitaka kunijibu, anaufumbua.

Ajabu, watu hawahawa tukiamua kufuata masharti tunayaweza. Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006, kule Muleba, tuliambiwa ugonjwa huu hauna dawa. Hauna! Basi tukakata maua dume kwa fito yenye panda, tukachoma panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, tukang'oa na kufukia mashina yaliyougua. Wazee waliokataa kunawa mikono wakawa wananawisha mapanga. Ugonjwa usio na dawa ulitufanya tuwe na akili. Nyanya ina dawa, kwa hiyo akili tumeipumzisha.

Tukapanda kwa dada yangu, mama yake huyu kijana, kunywa chai. Nyuma ya jiko, mahali maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, kuna kitalu kidogo hakizidi mikeka minne. Nyanya ndogondogo za kienyeji, mnavu, mchicha umetobolewatobolewa kama kanzu ya marehemu. Majivu yamenyunyizwa kwenye mashina, samadi ya mbuzi imerundikwa pembeni. Nikachuma nyanya moja, haina poda.

"Hizi hamzipigi dawa?"

Mpwa wangu alishangaa kweli, hakuwa anaigiza. "Mjomba! Hizi si za kula?"

Na zile za bondeni je? Zile ni za kuuza. Alilitamka hilo bila hila yoyote, kama mtu anayekueleza kwamba mbuzi ana miguu minne. Duniani kumbe kuna nyanya za kula na nyanya za kuuza, na mimi kwa miaka yote hii nimekuwa nikila za kuuza.

Nimerudi nyumbani nikaligeuza jiko kuwa maabara. Mama watoto alikuwa anaosha nyanya kwa maji tu, nikaweka chumvi, kesho yake siki, keshokutwa magadi yale ya maandazi. Hili la magadi si la kubuni. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, waliloweka tufaha kwenye maji yenye magadi ya kuokea, wakaona kwa dakika 12 hadi 15 dawa iliyoko juu ya ganda inatoka zaidi kuliko kwa maji matupu. Nikamsomea mama watoto kwa ushindi. Akaniuliza na iliyoingia ndani ya ganda je? Nikaendelea kusoma kimyakimya. Ile iliyoingia ndani haikutoka. Zipo dawa zinazonywewa na mmea, zikapanda na maji hadi kwenye tunda, na hizo hata ukizichemsha na Biblia.

"Basi menya," akasema, akaenda zake stoo kuchota maharage ya mchana, yale ya kwenye pipa la majivu, si ya kwenye magunia ya mlangoni.

Wenzetu Ulaya hawamenyi, wanapima. Kwa dawa ambayo hawajaiwekea kiwango chake, kikomo ni miligramu 0.01 kwa kilo. Nimepiga hesabu ubaoni kwa ajili yenu: ni gramu moja ndani ya tani 100. Malori kumi ya tani kumikumi, ndani yake gramu moja! Mwaka 2013 waliamuru maharage mabichi ya Kenya yakifika kwenye bandari na viwanja vyao vya ndege, shehena moja katika kila kumi ichukuliwe sampuli. Sisi Isingiro kipimo chetu ni pindo la kitenge.

Basi Jumamosi hii nikaenda gulioni nimejaa. Nimepanga maneno tangu Ijumaa usiku. Nilisimama mbele ya yule mama, nikamweleza vizibo vitatu, nikamweleza siku 7, nikamweleza fuvu. Watu wawili watatu wakasogea, mmoja akaweka sado yake chini asikilize vizuri. Nikamalizia na swali nililoliona zito kuliko yote: je, yeye na wanawe wanakula hizi nyanya, au nyuma ya jiko lake kuna kitalu?

Hakukasirika. Alikuwa anapanga fungu, tatu chini, moja juu.

"Kitalu kipo, Mwalimu, nani hana? Lakini nilitaka nikuulize. Yale maharage yako, debe mbili ulizoniuzia mwezi wa kumi, yamekaa mpaka leo hayana hata tundu moja. Wanangu wameyapenda. Huwa unayawekea nini?"

Nilitazama upande wa stendi, nikitumaini kuna basi la kuwahi. Hapakuwa na basi. Yule wa sado akanigeukia, naye alikuwa mteja wangu wa gunia zima. Nikakumbuka ule unga wa kuhifadhia nafaka, nilivyoumwaga kwa viganja, kiganja na kingine kidogo cha kuhakikisha, maana fukusi wa siku hizi wamesoma.

"Dawa tu," nikasema.

"Enhe," akasema, akanifungia fungu langu, akaongeza nyanya moja ya nyongeza. Hiyo hakuifuta.